Viputo Mshipani: Je, Si Hatari?

Bila shaka umewahi kumwona muuguzi akiinua bomba la sindano na kulisukuma mpaka hewa yote itoke. Hewa nyingi ikiingia mshipani yaweza kuziba njia ya damu na kuua. Basi mgonjwa akiambiwa atachomwa sindano ya viputo ili moyo au ini lake lionekane vizuri katika altrasaundi, ana haki ya kushtuka.

Mwaka 1968 madaktari Gramiak na Shah wa Rochester, Marekani, walieleza kwamba viputo vilivyomo katika sindano hutoa mwangwi mkali kwenye altrasaundi ya moyo. Lakini viputo vitupu havifiki mbali: vikubwa hukwama mapafuni, vidogo huyeyuka upesi katika damu. Ilibidi kuvivisha ganda.

Mama anayepiga ute wa yai anaijua kazi hii: protini hushika hewa, povu likasimama. Watengenezaji walichukua albumini, protini ya damu ya binadamu, wakaitikisa kwa mawimbi makali ya sauti. Dawa yao, Albunex, iliruhusiwa Marekani mwaka 1994, ila hewa ya ndani ilivuja haraka. Ndipo ikatafutwa gesi nzito isiyoyeyuka kirahisi. Siku hizi maganda mengi ni ya mafuta. Definity hutikiswa na mashine ndogo kwa sekunde 45; SonoVue ni unga, hutiwa maji ya chumvi na kutikiswa kwa mkono sekunde 20.

Viputo vingi ni vidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, hivyo hupita mapafuni bila kukwama. Gesi yenyewe hutoka kwa pumzi baada ya dakika chache, wala haipiti kwenye figo. Mgonjwa wa figo, ambaye daktari husita kumpa dawa ya madini joto ya picha za CT, hapo amepata nafuu kubwa. (Mama mjamzito anayekwenda kupimwa asihofu, altrasaundi ya kawaida haina sindano hii.)

Hata hivyo, mara chache sana hutokea mzio mkali, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza. Kabla ya sindano, taja kila dawa iliyowahi kukuvimbisha uso, hasa yenye polyethilini glaikoli, ambayo imo pia katika baadhi ya dawa za kulainisha choo. Na kifua kikianza kubana, mwambie muuguzi papo hapo, usione haya.