Kasulo: Nani anapima kipaji cha mtoto wa miaka 12?

Kwa kawaida video huwa fupi, haifiki hata dakika moja. Mtoto mwembamba, miguu mitupu, anapokea mpira kwenye vumbi. Anampita wa kwanza, wa pili, wa tatu anaanguka mwenyewe, na golikipa anabaki amekaa chini. Nyuma ya kamera watu wanapiga kelele na kutaja jina la Trésor Mputu.

Video za namna hiyo huzunguka kwenye simu za Kolwezi, hasa wakati wa kiangazi. Zinatoka Kasulo, Kanina, Kapata, Musonoi. Mara nyingi hazimalizi wiki kabla ya mtu kufika nyumbani kwa wazazi. Anajitambulisha kama meneja, anazungumzia testi Lubumbashi, kisha Uturuki, kisha Ulaya. Anaomba pesa kidogo za safari, picha mbili na kivuli cha cheti cha kuzaliwa. Kama cheti hakipo, anasema hilo si tatizo, atalipanga mwenyewe.

Hapo familia inatakiwa kuamua jambo kubwa ikiwa na habari ndogo sana: mtoto aendelee na darasa la sita, au aache shule afuate mpira?

Watu wa Kasulo si wageni wa kubahatisha. Tangu mwaka 2014, mkazi mmoja alipochimba kwenye parseli yake na kukuta kobalti, nyumba nyingi za kartie zilipata shimo ndani ya ua au hata chini ya chumba. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilipewa kampuni ya Congo Dongfang Mining, ikazungushiwa ukuta, na mamia ya familia zikahamishwa. Hapa watu wanajua maana ya kufadhili shimo kabla ya kuona jiwe: mwenye pesa anatoa chakula na vifaa, wachimbaji wanashuka, na miezi inaweza kupita bila kitu. Lakini hata jiwe likipatikana, halinunuliwi kwa macho. Linapelekwa Musompo, mnunuzi analipima kwa mashine ambayo wachimbaji huiita Metorex, na bei inatoka kwenye namba. Wachimbaji hulalamika kila siku kwamba mashine za madepo zinapunguza namba hizo. Hata hivyo, kuna kipimo cha kubishania.

Kwa mtoto wa miaka 12, hakuna.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Umati unaona mtoto anawashinda wenzake. Hauoni wenzake ni nani. Katika umri huo, miezi sita ni mingi. Mtoto aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanaweza kuandikwa kikundi kimoja cha umri, lakini wa kwanza ana karibu mwaka mzima wa mifupa na pumzi zaidi. Anakimbia zaidi, anachaguliwa, anapewa mazoezi mengi, na baada ya miaka mitatu kila mtu anasema alizaliwa na kipaji.

Jambo hili lilionekana wazi kwanza mbali kabisa na vumbi la Lualaba, kwenye hoki ya barafu ya Kanada. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake waliangalia tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa ligi kubwa za vijana, wakakuta waliozaliwa miezi ya kwanza ya mwaka ni wengi kupita kiasi. Kanada pia ina utaratibu wa kumpa mtoto wa miaka 15 ruhusa ya pekee ya kuingia ligi hizo kabla ya wakati, baada ya kuchunguzwa si uwanjani tu bali pia shuleni na kitabia. John Tavares alikuwa wa kwanza kuipata, mwaka 2005, na akawa nyota. Connor McDavid aliipata mwaka 2012, akawa nyota zaidi. Lakini Sean Day, aliyeipata mwaka 2013, alipofika siku ya vijana kuchaguliwa na klabu za wakubwa mwaka 2016, majina 80 yalitajwa kabla ya jina lake. Hiyo ni nchi yenye vyeti, madaktari na video za kila mechi. Pamoja na hayo yote, inakosea.

Kolwezi tatizo ni zito zaidi, kwa sababu mara nyingi tarehe yenyewe haijulikani. Sheria ya familia ya Kongo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto kwenye ofisi ya etasivili. Baada ya hapo inahitajika hukumu ya korti. Familia nyingi zilizohama kufuata madini hazikufanya la kwanza wala la pili. Basi kijana wa miaka 15 anaweza kucheza na wa miaka 12 bila mtu kudanganya waziwazi: hakuna karatasi ya kumpinga. Video yake itakuwa nzuri sana.

Shirikisho la mpira duniani, FIFA, lilianza kupiga picha za kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, Nigeria, mwaka 2009. Januari 2023 Kameruni ilipima wachezaji 30 waliokuwa wameitwa kwenye ekipi ya umri huo. 21 walishindwa kipimo. Mashine hiyo hufanya kazi karibu na miaka 17. Kwa mtoto wa 12 haisaidii, na kwa hiyo miaka mitano ya sifa inaweza kupita kabla ya ukweli kugonga mlango.

Aliyebadilishwa jina

Mkongo anayeweza kueleza hatari hii kuliko wengine ni Silas, mshambuliaji aliyezaliwa Kinshasa. Ujerumani ilimjua kama Silas Wamangituka, aliyezaliwa 1999, na mabao yake ya Stuttgart yalimpa jina kubwa. Juni 2021 klabu yake ilitangaza kwamba jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa na kwamba alizaliwa 6 Oktoba 1998. Kwa maelezo ya klabu, wakala aliyemkaribisha Paris ndiye aliyembadilishia utambulisho, kisha akashika pasipoti yake na akaunti yake ya benki. Kijana aliishi akiogopa kwamba akisema, kazi itaisha. Mpira wa Ujerumani ulimfungia miezi mitatu na kumtoza euro 30,000.

Mwaka mmoja tu ndio uliopunguzwa. Mwaka huo ulimweka mtu mzima mwenye kipaji cha kweli mikononi mwa mwingine kwa miaka kadhaa. Maneno ya "nitapanga cheti mwenyewe", yanayosemwa leo kwenye parseli za Kasulo, huanzia mahali hapohapo.

Sifa yenyewe, hata ikiwa ya haki, haina dhamana. Gaël Kakuta, mtoto wa wazazi Wakongo aliyezaliwa Lille mwaka 1991, aliingia shule ya mpira ya Lens akiwa mdogo kabisa. Mwaka 2007, akiwa na miaka 16, Chelsea ilimchukua, na ugomvi ukawa mkubwa kiasi kwamba Septemba 2009 FIFA iliizuia Chelsea kusajili kwa vipindi viwili. Adhabu hiyo iliondolewa mwaka 2010 baada ya klabu mbili kupatana. Mwaka huohuo Kakuta alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano ya Ulaya ya chini ya miaka 19, na Ufaransa ikachukua kombe. Nani angesema walimpima vibaya?

Chelsea alicheza mechi chache tu. Alikopeshwa Fulham, Bolton, Dijon, Vitesse, Lazio, Rayo Vallecano. Baadaye alichagua Leopards, akarudi Lens na kufanya msimu mzuri wa 2020-2021, na mapema mwaka 2024 alikuwa kwenye ekipi ya Kongo iliyofika nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Kodivaa. Ni maisha ya heshima ya mpira. Sio yale aliyoahidiwa akiwa na miaka 16, na tofauti hiyo ilimfuata kila alipokwenda.

Wengine waliumia zaidi. Nii Lamptey wa Ghana alikuwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la vijana mwaka 1991, na Pelé mwenyewe alimtaja kuwa mrithi wake. Mechi yake ya mwisho kwa Ghana ilikuwa mwaka 1996, akiwa na miaka 21. Hakusoma shule vya kutosha, na amesimulia hadharani jinsi hilo lilivyomgharimu kwenye mikataba. Alipostaafu alifungua shule Accra. Freddy Adu, mzaliwa wa Ghana aliyekulia Marekani, alicheza ligi ya wakubwa akiwa na miaka 14, mwaka 2004. Baada ya hapo alipita klabu zaidi ya kumi.

Sasa tazama wale ambao Katanga inawajua kwa matunda. Mputu alichaguliwa na CAF kuwa mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika mwaka 2009, karibu kufikisha miaka 24. Mbwana Samatta alitoka Simba ya Tanzania akaja TP Mazembe mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano, akachukua Ligi ya Mabingwa ya 2015 akiwa mfungaji bora, ndipo akaenda Genk. Alipofika Aston Villa Januari 2020 alikuwa na miaka 27, Mtanzania wa kwanza kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Hakuna aliyeuza parseli kwa sababu ya video yake akiwa na miaka 12.

Kocha mzuri hatazami chenga

Hii haina maana kwamba mtoto mdogo hawezi kutazamwa. Kazi ya mtafutaji wa vipaji ipo, lakini anatazama vitu ambavyo havipendezi kwenye simu. Kabla mpira haujamfikia, mtoto anageuza kichwa kuangalia nyuma yake? Mguu wa pili unafanya kazi? Akipoteza mpira anakimbia kuutafuta au anasimama kumlaumu mwenzake? Akipelekwa kucheza na wakubwa wa mwaka mmoja, bado anapata la kufanya?

Kasulo nyumba zimebanana na nafasi ya kucheza ni ndogo. Mtoto anayekulia hapo anajifunza chenga za karibu kuliko mtu yeyote, na hiyo ni zawadi halali. Lakini kwenye kiwanja kamili, wachezaji 11 kwa 11, anaweza kupotea. Anayetaka kumjua amtazame hapo, mara tano au sita, siku ya mvua pia. Sekunde 40 zimechaguliwa na aliyeshika simu.

Pesa ya kweli hupitia wapi

Wazazi wengi hawajaambiwa kwamba mlango wa Ulaya umefungwa kwa umri huo. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache: kwa mfano wazazi wamehama kwa mambo yasiyo ya mpira, au uhamisho ni ndani ya Ulaya kwa wenye miaka 16 hadi 18. Mtu anayemwahidi mtoto wa Kasulo klabu ya Ubelgiji mwaka kesho anaahidi kitu kisichoruhusiwa. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kutafutwa bure kwenye ukurasa wa shirikisho hilo kwa simu ileile iliyopokea video. Kumgusa mtoto kunahitaji kibali cha maandishi cha mzazi, na si kabla ya miezi sita kuelekea umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa.

Pesa nyingine ipo, ya polepole. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo ya asilimia kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, nusu asilimia kwa kila msimu baada ya hapo. Akiuzwa euro milioni 2, ekipi ya kartie iliyokaa naye misimu minne ya kwanza inastahili euro 20,000. Kwa kiwanja cha Kasulo, hizo ni mipira, viatu na karo kwa miaka mingi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu Paris ya kusambaza malipo hayo.

Sharti ni moja. Ekipi iwe imeandikwa kwenye antanti ya mpira ya mji na kupitia hapo kwenye FECOFA, na mtoto awe ameandikwa kwa jina lake na tarehe yake ya kweli kila msimu. Ekipi nyingi za watoto huandika majina kwenye daftari la kocha. Daftari hilo likiloa au kocha akihama kwenda Fungurume, misimu minne ya mtoto inapotea, na euro 20,000 nazo.

Mtoto wa video, wakati huo, ana mtihani wa mwisho wa shule ya msingi mbele yake, na kwenye fomu ya mtihani huo pia wanauliza tarehe ya kuzaliwa.