Kupumzika si uvivu, mpiga chuma!

Je, mpenzi msomaji, umewahi kuingia katika jimu ya mjini ukamwona barobaro ameketi kwenye benchi, mikono magotini, macho kwenye saa, hafanyi lolote? Bila shaka ulidhani ni mmoja wa wale wanaokuja kupitisha wakati. Kando yake yupo mwingine anayetokwa na jasho jekejeke, akiinua chuma, akikiweka, kisha akikiinua tena kabla hajameza mate. Ukiulizwa ni nani kati ya hao wawili atakayekuwa na nguvu zaidi baada ya miezi miwili, huenda ukamtaja huyu wa pili.

La hasha!

Siku hizi kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Embu na Meru, si ajabu kukuta chumba nyuma ya maduka kimejaa vyuma na vijana. Kuna jimu zilizo na mashine za kisasa na vioo ukutani. Kuna nyingine ambazo mali yake yote ni bomba la chuma lenye mikebe iliyojazwa simiti huku na huku. Msuli haujali. Hautambui kama uzito umetoka ng'ambo au umetengenezwa uani. Swali la kila anayeingia huwa ni kilo ngapi na mara ngapi. Ni wachache mno wanaouliza wapumzike kwa muda gani kabla ya kuinua tena, ilhali hapo ndipo jasho la wengi hupotea bure.

Tuelewane kwanza. Seti ni ule mkupuo mmoja wa kuinua uzito, tuseme mara kumi mfululizo, kisha unaweka chini. Aghalabu watu hufanya seti tatu za kila zoezi. Mazoea haya si ya jana. Katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwatibu kwa vyuma wanajeshi waliokuwa wameumia magoti, na ndiye aliyeeneza mtindo wa seti tatu za mara kumi kumi. Mapumziko tunayozungumzia leo ni yale ya kati ya seti moja na inayofuata.

Akiba iliyo msuluni

Kwa nini mtu aliyeinua kilo 60 mara kumi ashindwe kuziinua mara tano nusu dakika baadaye? Ndani ya msuli kuna akiba ndogo ya kemikali iitwayo fosfokriatini. Hiyo ndiyo huupa msuli nguvu za haraka, na ukijitahidi kwa nguvu zako zote, sehemu kubwa yake huisha kwa muda wa sekunde kumi hivi. Katika miaka ya 1960 na 1970, watafiti nchini Sweden, akiwemo Eric Hultman, walitumia sindano kuchomoa vipande vidogo vya nyama kutoka kwa mapaja ya watu waliojitolea, kabla na baada ya mazoezi. (Hebu fikiria kujitolea kwa namna hiyo!) Waligundua kuwa nusu ya akiba hurudi upesi, kwa nusu dakika hivi, lakini ile nusu nyingine hurudi polepole. Inaweza kuchukua dakika tatu hadi tano kabla ghala halijakaribia kujaa.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Baada ya dakika moja pumzi imerudi, moyo umetulia, nawe unajiona uko tayari. Hata hivyo, kurudi kwa pumzi si kurudi kwa nguvu. Mapafu yanakwambia uinuke huku msuli ukiwa bado haujajaza ghala lake.

Kwa maoni yangu, kosa hili limetokana na mapenzi yetu kwa riadha. Watu wa pande hizi wanaijua mbio vilivyo. Kipchoge Keino alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo, mwendo mfupi kutoka mjini Nyeri, na mwaka wa 1968 akanyakua dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico. Catherine Ndereba, binti wa Nyeri, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago mwaka wa 2001 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Wakimbiaji nao wana kanuni yao ya kupumzika. Katika miaka ya 1930 kocha Mjerumani Woldemar Gerschler alishirikiana na daktari Herbert Reindell kuwakimbiza vijana kwa kasi, kisha wakangoja hadi mapigo ya moyo yashuke kufikia 120 kwa dakika kabla ya kuwakimbiza tena. Ngojangoja hiyo haikupita dakika moja na nusu. Kwa mkimbiaji ni sawa, maana anafunza moyo. Mpiga chuma anafunza msuli, na akitumia saa ya mkimbiaji atajipunja.

Isitoshe, kujaza akiba hiyo kunahitaji oksijeni. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki uko juu zaidi. Hewa ya Nyeri ina takriban asilimia 80 tu ya oksijeni utakayoivuta Mombasa kwa pumzi moja. Mwenyeji amezoea. Lakini mwanafunzi aliyetoka Pwani kujiunga na chuo kikuu cha Dedan Kimathi asione haya akijiongezea dakika moja katika wiki zake za kwanza.

Hesabu ya simiti

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kijana wetu mwenye pupa anainua kilo 60 mara 10, anapumzika dakika moja, anaweza mara 7, kisha mara 5. Jumla ni mara 22, yaani kilo 1,320. Mwenzake aliyekaa dakika tatu anafanya 10, 9 na 8. Hizo ni mara 27, yaani kilo 1,620. Tofauti ni kilo 300, sawa na mifuko sita ya simiti, katika zoezi moja, siku moja. Zidisha kwa miezi miwili.

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa mapumziko mafupi hukuza misuli kwa sababu hupandisha homoni za ukuaji mwilini. Mwaka wa 2016, Brad Schoenfeld wa New York na wenzake walichapisha jaribio lao kuhusu wanaume 21 waliokuwa wazoefu wa vyuma. Wote walifanya mazoezi yale yale mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, ila kundi moja lilipumzika dakika moja na jingine dakika tatu. Waliopumzika dakika tatu walipata nguvu zaidi, na hata misuli ya mapaja yao ikanenepa zaidi. Wale wenye haraka hawakutoka mikono mitupu, lakini waliachwa nyuma.

Basi ni dakika ngapi? Kwa mazoezi mazito yanayotumia mwili mzima, kama kuchuchumaa na chuma mabegani, kukiinua kutoka sakafuni au kukisukuma ukiwa umelala kwenye benchi, usishuke chini ya dakika mbili, na tatu ni bora. Uzito ukiwa mkubwa mno hivi kwamba huwezi kuuinua zaidi ya mara tano, ngoja hata dakika tano. Mazoezi madogo ya msuli mmoja, kama kukunja mkono kwa dambeli, dakika moja au moja na nusu yatosha. Mama anayefanyia mazoezi nyumbani kwa kuinuka kitini mara kumi au kuinua kibuyu cha maji cha lita tano, naye akae dakika moja hadi mbili, mpaka ahisi miguu imekuwa yake tena.

Nawasikia wanafunzi wakilalamika kuwa wana saa moja tu kabla ya mhadhara. Ni kweli, seti 15 zenye mapumziko ya dakika tatu zitakula dakika 42 kwa kuketi pekee. Dawa ya kwanza ni kupunguza mazoezi: matatu mazito yaliyofanywa vizuri yanashinda manane ya kukimbizana. Ya pili ni kuoanisha. Sukuma kwa kifua, pumzika kidogo, kisha vuta kwa mgongo. Kifua kinapumzika huku mgongo ukifanya kazi. Ya tatu ni kuacha kunung'unika kwa sababu ya foleni. Mkiwa watatu kwenye chuma kimoja, kila mmoja akichukua dakika moja hivi pamoja na kubadilisha uzito, zamu yako inakurudia baada ya dakika mbili na ushei. Umaskini wa vifaa umekupa saa bila malipo.

Ukitaka kuwaona mabingwa wa jambo hili, nenda soko la Karatina uwatazame hamali wakipakia viazi kwenye lori. Anabeba gunia, analitua, anarudi mikono mitupu akitaniana na wenzake, anasubiri kutwikwa jingine. Kule kurudi ndiko mapumziko yake. Angekimbia asingefika saa sita mchana.

Hatari ya haraka si kupoteza nguvu tu. Msuli uliochoka hauwezi kuushikilia mgongo ukae wima, na mgongo ukipinda chini ya mzigo, utaumia. Chuma kikikwama kifuani nawe uko peke yako, hilo ni balaa. Kisha kuna shinikizo la damu. Mwaka wa 1985 watafiti wa Canada waliwapima wapiga chuma waliokuwa wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu, wakakuta shinikizo la wastani la 320 kwa 250. Kipimo cha kawaida ni 120 kwa 80! Hushuka haraka uzito ukiwekwa chini, lakini mwenye ugonjwa wa presha amwone daktari kwanza, asizuie pumzi anapoinua, wala asirukie seti nyingine kichwa kikiwa bado kinagonga.

Kuna wanaohofia kuwa wakikaa dakika tatu katika ile baridi ya Julai mwili utapoa. Dakika tatu hazipozi mwili. Kumi za kubishania mpira ndizo zinazopoza. Njoo na sweta, uivae mara tu unapoketi, uivue unapoinuka. Itundike karibu na benchi, na simu uiache humo mfukoni baada ya kutega saa, kwa sababu ukishaanza kusoma jumbe, zile dakika tatu zitakuwa nane kabla hujajua.