Miguu Iliyozoea Kukaa: Zoezi Lipi Huleta Uimara, Lipi Huleta Mruko

Mwezi Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Temeke na Kinondoni wito huo ulikuta vikundi vya jogging vimekwisha kuota mizizi. Hata hivyo, wakazi wengi hawamo katika vikundi hivyo. Fundi cherehani, mwenye duka, wakala wa fedha za simu na dereva wa bodaboda hushinda wameketi tangu asubuhi hadi usiku. Miguu yao hukumbukwa pale daladala inaposhusha abiria ukingoni mwa mtaro, au mvua inapobakiza ubao mmoja wa kuvukia.

Hapo mwili huhitaji mambo mawili: urari wa kusimama bila kuyumba na nguvu ya ghafla ya kuruka. Kukimbia barabarani hufaa sana moyo na mapafu, lakini hayo mawili hukuyagusa kwa sehemu ndogo tu.

Urari hutegemea watoa taarifa watatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Mkazi anayetaka kujipima na asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta, mtu wa kumshika akiwapo, kisha afumbe macho. Wengi hushangaa jinsi wanavyoyumba mara moja.

Kuchuchumaa na kuinuka kwa miguu miwili, au kuinuka kitini bila kushika kitu, hujenga mapaja na makalio. Nguvu hiyo husaidia mruko, kwa kuwa mtu arukaye juu husukuma ardhi kwa miguu yote miwili. Lakini zoezi hilo peke yake halimfundishi mtu kusimama kwa mguu mmoja. Kwa hilo yafaa kupanda na kushuka ngazi ya kibarazani polepole, mguu mmoja ukibeba uzito wote. Ndipo misuli ya ubavuni mwa nyonga hulazimika kuzuia kiuno kisiiname. Kuinua visigino huku umeshika ukuta huimarisha vigimbi na vifundo vya miguu. Mwili hujifunza kile hasa ulichofundishwa, na kwa hiyo si haki kulilaumu zoezi kwa jambo ambalo halikukusudiwa.

Mruko una siri yake. Anayejishusha kidogo na kuruka papo hapo hufika juu zaidi kuliko aliyechuchumaa, akatulia, ndipo akaruka. Kano huvutika kama mpira wa manati. Ukichelewa kuachia, sehemu ya nguvu hiyo hupotea. Watoto wanaoruka kamba uani hulifanya hilo bila kuelezwa.

Habari njema kwa asiyefanya mazoezi ni kwamba huanza kupata nafuu mapema. Katika wiki za mwanzo misuli haijakua. Neva ndizo zinazojifunza kuiamsha kwa wingi na kwa pamoja. Anayeacha kwa sababu haoni mwili ukibadilika huacha wakati faida imekwisha kuingia.

Kuruka, hata hivyo, kusitangulie. Kutua hulemea magoti kuzidi uzito wa mwili mara kadhaa, hivyo wiki kadhaa za kuchuchumaa na kupanda ngazi zitangulie. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, hupendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Wenye umri wa miaka 65 na kuendelea huongezewa mazoezi ya urari na nguvu siku 3 au zaidi.

Mwenye kisukari aliyeanza kupata ganzi nyayoni asiruke kamwe kabla ya kuonana na mhudumu wa kituo cha afya, kwa maana mmoja wa wale watoa taarifa watatu amekwisha kunyamaza. Mama mjamzito, mwenye shinikizo la damu na mwenye maumivu ya magoti nao waulize kwanza.