Msumeno wa Mnyororo kwa Kazi ya Kuni za Kila Siku

Msumeno wa mnyororo, ambao Tanzania wengi huuita chenso na Kenya pawa soo, huchaguliwa kwa kuangalia gogo linalokatwa kila siku, wala si mti mnene kuliko yote uliowahi kumshinda mnunuzi. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Mtu ana kazi ya kuni, anaukumbuka mkuyu mmoja wa kando ya mto, anaingia dukani na kutoka na mashine ya kupasulia mbao. Baada ya hapo anaibeba kutwa nzima ili akate magogo ya unene wa paja.

Kazi yenyewe iangaliwe kwanza. Katika nyanda za juu zinakolimwa chai, kama Kericho na Limuru nchini Kenya au Mufindi na Njombe nchini Tanzania, viwanda vingi hukausha majani kwa mvuke wa boila zinazochochewa kwa kuni, na kuni hizo aghalabu ni za mikaratusi iliyopandwa. Baadhi ya shule za bweni nazo hupikia kuni. Anayehudumia wateja wa namna hii hukutana zaidi na magogo ya unene wa sentimita 15 hadi 40. Gogo la mita 6 likitakiwa vipande vya mita 1 hukatwa mara 5. Likitakiwa vipande vya nusu mita kwa jiko la shule, hukatwa mara 11. Magogo 30 kwa siku ni mikato 330. Mikato hiyo ni mifupi na ya kurudiarudia, na kinachochoka mapema ni mgongo na viganja vya mkataji, injini ikiwa bado ina nguvu.

Ukubwa wa injini hutajwa kwa cc. Misumeno ya cc 30 hadi 40 ni ya kupogolea matawi na kukata kuni za nyumbani mara mojamoja. Ikifanyishwa kazi kutwa, silinda hupata moto kupita kiasi na pistoni huchubuka. Kuanzia cc 70 ni misumeno ya kuangusha miti mikubwa na kupasua mbao. Stihl MS 381 na Husqvarna 272 XP, zote za cc 72.2, ni za kundi hili, na kila moja ina uzito wa zaidi ya kilo 6 kabla ya kufungwa bamba na mnyororo na kutiwa mafuta. Kwa kuni za kila siku, mahali pa kutafuta ni kati ya cc 45 na 60. Mashine nzuri ya cc 50 huwa na uzito wa kilo 5 hivi na nguvu ya kilowati 2.4 hadi 3. Kilo moja na kitu inayopungua haionekani mtu anapoishika mashine dukani kwa dakika mbili, lakini kwenye mkato wa mia mbili huonekana.

Kuna jambo la nyanda za juu ambalo wauzaji hulisahau. Injini hupumua hewa, na kadiri mtu anavyopanda mlima hewa huwa nyepesi. Kwa wastani injini ya petroli ya namna hii hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kericho na Njombe ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo msumeno uliojaribiwa Mombasa au Dar es Salaam ukafurahisha, ukifika huko utakuwa umepungukiwa na karibu moja ya tano ya nguvu zake. Pia utatoa moshi mwingi na kuchafua plagi, kwa kuwa kabureta inaendelea kumimina petroli ileile ilhali hewa imepungua. Fundi hana budi kuirekebisha kabureta kulingana na mahali. Baadhi ya mashine mpya hujirekebisha zenyewe kwa umeme, na anayefanya kazi bondeni na mlimani atapata faida akiilipia mashine ya aina hiyo. Kwa sababu ya nguvu hizo zinazopotea, mkazi wa mlimani asishuke chini ya cc 50.

Namba ya cc haisemi yote. Mashine mbili zinaweza kuwa na cc zilezile, moja ikiwa na kasha la injini la plastiki na nyingine la magnesiamu. Ya plastiki hutosha kwa mtu wa wikiendi. Kwa anayekata siku tano kwa wiki, magnesiamu hustahimili joto vizuri zaidi, na skrubu zake hazilegei haraka.

Bamba linaloongoza mnyororo, ambalo mafundi huliita baa, huuzwa kwa inchi. Injini ya cc 50 hubeba vizuri bamba la inchi 16 au 18, yaani sentimita 40 hadi 45. Gogo nene kuliko bamba bado hukatika kwa kuingiliwa upande huu kisha upande wa pili, kwa hiyo bamba refu halihitajiki kwa ajili ya gogo moja la nadra. Bamba refu kwenye injini ndogo huongeza meno yanayouma kwa wakati mmoja, injini hulemewa, klachi huteleza na kuungua. Wanaopenda bamba la inchi 24 kwa sababu linaonekana la kibabe hununua hasara.

Mnyororo ndio moyo wa jambo hili, na ndio hupewa nafasi ndogo kuliko vyote dukani. Injini huvuta tu. Kinachokata ni jino. Muundo wa mnyororo unaotumika leo ulitokana na Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani, ambaye mwaka 1946 alimtazama kiwavi wa mbawakawa akitafuna kisiki huku taya zake zikikata kulia na kushoto. Aliunda meno yanayopishana vivyo hivyo, moja likielekea kulia na linalofuata kushoto. Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo, kimo chake kikiwa chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua jino liume ganda nene kiasi gani.

Meno yako ya aina mbili kubwa. Lenye kona kali hukata haraka sana kwenye mti safi na laini, lakini kona hiyo hufa likigusa mchanga mara moja. Lenye kona ya mviringo huenda polepole kidogo, ila hudumu. Magogo ya kuni huburutwa kwenye matope, hupangwa chini, na maganda yake hubeba vumbi la msimu mzima. Miti ya mwati na mgunga iliyokauka nayo ni migumu kama mfupa. Kwa kuni, jino la kona ya mviringo ndilo la kununua. Mnunuzi pia aandike kwenye karatasi vipimo vitatu vilivyochapwa kwenye bamba lake: umbali wa pingili (inchi 0.325 au 3/8), unene wa kiungo kinachopita kwenye mfereji (milimita 1.3, 1.5 au 1.6), na idadi ya viungo hivyo. Mnyororo ukitofautiana na bamba kwa kipimo kimoja tu, utatoka kwenye mfereji au hautaingia kabisa.

Kunoa ni sehemu ya kununua, kwa maana tupa hununuliwa siku ileile. Mnyororo wa 0.325 hutaka tupa ya mviringo ya milimita 4.8, wa 3/8 wa kawaida hutaka ya milimita 5.2 au 5.5. Mkataji aliyezoea hukaa juu ya gogo, hulibana bamba kwenye ufa wa kisiki, na kusukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje kwa pembe ya nyuzi 30, mara mbili au tatu, bila kuirudisha kwa kukwaruza. Akimaliza meno ya upande mmoja hugeukia upande wa pili kwa idadi ileile ya misukumo, vinginevyo msumeno utakata kwa kupinda. Hufanya hivyo kila tangi la petroli linapokwisha, na vinundu huvipunguza kwa tupa bapa baada ya kunoa mara kadhaa. Ishara iko chini ya miguu yake. Mnyororo mkali hutema vipande kama maganda ya karoti. Butu hutoa unga, na mkataji hujikuta akiukandamiza msumeno kwa nguvu. Aliyefikia hapo huilaumu injini na kutamani cc zaidi, ilhali dakika kumi za tupa zingemrudishia mashine yake.

Mashine ya betri inafaa kwa nyumba yenye umeme na kuni chache. Kwa kazi ya kutwa shambani ingehitaji betri nyingi na mahali pa kuzichaji.

Usalama usiuzwe kando kama pambo. Mnyororo wa injini inayozunguka mara 10,000 kwa dakika hupita kwa kasi ya karibu mita 19 kwa sekunde. Robo ya juu ya ncha ya bamba ikigusa gogo lililofichika nyuma, msumeno hupiga teke: hurushwa juu na nyuma kuelekea uso wa aliyeushika, kabla hajafikiri. Breki ya mnyororo iliyo mbele ya mpini wa juu iliwekwa kwa ajili ya tukio hilo, na mashine isiyo nayo, au ambayo breki yake imefungwa kwa waya, haifai hata ikitolewa bure. Mipini nayo itenganishwe na injini kwa springi au mipira, kwa sababu mtetemo wa miaka huua mishipa na hisia za vidole. Bajeti iwe na vizibio vya masikio, miwani au wavu wa uso, viatu vigumu na suruali ya kinga yenye nyuzi zinazousonga mnyororo ukasimama.

Injini ya msumeno wa petroli ni ya mipigo miwili, kama pikipiki za zamani zilizochanganyiwa oili kwenye tangi. Mashine nyingi za sasa hutaka mililita 20 za oili ya mipigo miwili kwa lita 1 ya petroli. Kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Oili ya bodaboda haifai. Vilevile oili chafu iliyomwagwa gereji isitiwe kulainishia mnyororo, ingawa ni ya bei ya chini: ina chembe za chuma zinazokwangua pampu na bamba, tena hurushwa juu ya ngozi ya mkataji siku nzima.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulizie bei ya plagi, chujio la hewa, sproketi, mnyororo na kamba ya kuwashia, tena avione vikiwa rafuni. Msumeno wa bei poa usio na vipuri mjini kwake utalala stoo kamba ikikatika. Bidhaa za kuiga zenye rangi na maandishi ya majina makubwa zipo nyingi, hivyo namba ya mashine ilinganishwe na ya kwenye karatasi. Ofisa misitu wa eneo aulizwe mapema kuhusu usajili wa msumeno na kibali cha kukata na kusafirisha.

Mwisho mashine iwashwe palepale dukani. Ikiwa katika mzunguko wa chini, mnyororo usimame kabisa. Ukitambaa, kabureta au klachi ina kasoro. Kwenye kasi, breki ikisukumwa mbele, mnyororo ukome mara moja. Kisha ncha ya bamba ielekezwe juu ya boksi jeupe bila kuligusa, na injini ipewe mafuta kwa sekunde kadhaa: mstari mwembamba wa matone ya oili ukijichora kwenye boksi, pampu inafanya kazi.