Je, Wajua? Behewa la Tunduma Hufika Cape Town, Dodoma Halifiki

Je, wajua kwamba behewa la mizigo likiondoka stesheni ya Tunduma linaweza kupita Zambia na Zimbabwe hadi Cape Town kwa magurudumu yaleyale, ila Dodoma haliwezi kufika? Kinachozuia ni upana wa njia. Reli ya TAZARA, ipitayo Tunduma, ina upana wa milimita 1,067, kama reli za nchi hizo za kusini. Reli ya Kati, waliyoianza Wajerumani, ina milimita 1,000, na reli ya kisasa, SGR, ikaja na 1,435. Nchi moja, vipimo vitatu! Milimita 67 tu, zisizofika hata urefu wa kidole cha shahada, zinaitenga Tunduma na Dodoma.

Wapo wanaoulaumu uamuzi wa kuipa TAZARA upana wa reli za kusini. Mimi nauheshimu. Zambia haina bahari, na shaba yake ilikuwa ikipitia Rhodesia. Novemba 1965 walowezi wa Ian Smith walipojitangazia uhuru, Kaunda alihitaji njia nyingine ya kufika bandarini, naye Nyerere akakubali kuifungua. Reli ya kuiokoa Zambia ilibidi iungane na reli za Zambia. Uchina ilitoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza 1970, reli zikafika mpakani Agosti 1973, na Julai 1976 njia nzima ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa.

Je, wajua vipimo viwili kati ya hivyo hukutana wapi? Ni Kidatu, mkoani Morogoro, linapoishia tawi la Reli ya Kati litokalo Kilosa. Tangu 1998 kuna kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la reli moja hadi la nyingine.

Treni ya chini ya ardhi kama ya London hatuna, lakini mahandaki ya reli tunayo. Abiria wa Tunduma aendaye Dar hupita Vwawa, Mlowo na Mbeya, hupanda hadi Uyole, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, kilele cha reli yote. Akishavuka Makambako, njia huteremka kuelekea Mlimba na bonde la Kilombero, na hapo ndipo penye mengi ya mahandaki ya TAZARA, ambayo yote pamoja ni zaidi ya 20.

Na je, wajua kwamba ikiwa saa nne asubuhi Tunduma, ng'ambo ya mpaka, Nakonde nchini Zambia, ni saa tatu?