Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tumsikilize Daktari Mwanagenzi

Wahenga wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yatufaa tunapoitazama wadi ya uzazi usiku wa manane. Mara nyingi aliye karibu na mama, pamoja na mkunga, ni daktari mwanagenzi: kijana aliyesoma udaktari kwa miaka mingi, na sasa yumo katika mwaka wa mazoezi, akizunguka wadi za uzazi, watoto, upasuaji na magonjwa ya ndani.

Kwa kuwa ni mgeni katika kila wadi, huyaona ambayo wenyeji wameshayazoea: dawa imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko mbali, damu ya kuongezewa mgonjwa haikuagizwa mapema. Lakini kwa udogo wa cheo chake hunyamaza. Muda wake ukiisha huhamia wadi nyingine, na kasoro ikabaki pale pale.

Kunyamaza huko kuna gharama. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuwaua wazazi duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba damu ikipimwa kwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo badala ya kukisiwa kwa macho, na tiba zote zikatolewa kwa pamoja mara moja, madhara makubwa ya kuvuja damu hupungua kwa asilimia 60. Tiba zenyewe hazikuwa ngeni. Kilichobadilika ni utaratibu.

Hapo ndipo mwanagenzi anapofaa. Apewe kasoro moja. Ahesabu inatokea mara ngapi. Ajaribu badiliko dogo kwa wiki chache, kisha apime tena. Likifaa, liandikwe liwe ada ya wadi, ili yeye akiondoka lisiondoke naye. Wala asiachiwe peke yake: daktari bingwa, mkunga mzoefu na mfamasia wakae naye, wamsikilize bila kumkaripia.

Nasi majumbani tuna fungu letu. Tusimdharau daktari kwa ujana wake. Tumweleze tuliyoyaona kitandani kwa mgonjwa wetu. Na wenye watoto wasomao udaktari, tuwafunze mapema kusema kweli kwa adabu mbele ya wakubwa. Huenda neno hilo moja, inshallah, likamrudisha mama nyumbani kwa wanawe.