Kitabu cha picha zisizo na rangi kilivyotukalisha chini

MWAKA jana mwalimu wa darasa aliniita shuleni kuniambia mwanangu hatulii. Macho yako dirishani, alisema, na daftari la hisabati limejaa michoro ya mawingu. Nilirudi nyumbani kichwa kizito. Mtoto ana miaka 11, mtihani wa darasa la saba unakaribia, na wewe mzazi mwenzangu unajua hali inavyokuwa.

Jumamosi nikaenda kwa wauza vitabu vya mitumba kutafuta vya hisabati. Nikatoka na kitu kingine kabisa: kitabu kikubwa chenye jalada lililopauka, ndani picha za milima, mito na anga, zote nyeusi na nyeupe. Mpiga picha ni Mmarekani, Ansel Adams. Muuzaji alitaka Sh20,000, tukavutana mpaka Sh12,000. Mke wangu alipokiona aliuliza jambo moja tu: "Sasa baba, vya hisabati viko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa sijui ni kwamba nimeleta nyumbani kazi ya mtoto mwingine asiyetulia.

Adams alizaliwa San Francisco mwaka 1902, mtoto pekee kwa wazazi wake. Shuleni alihangaika, akahamishwa huku na kule bila mafanikio. Mwaka 1915 baba yake, Charles, aliamua kumtoa. Akasomea nyumbani, na baba akamkatia tiketi ya mwaka mzima ya maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyokuwa mjini humo. Kijana akawa anakwenda karibu kila siku. Mwaka uliofuata wazazi walimpeleka kutembea bonde la Yosemite, wakampa kamera ndogo ya Kodak aina ya Brownie. Alikuwa na miaka 14. Bonde hilo hakuliacha tena hadi alipofariki mwaka 1984.

Sisemi umtoe mtoto shule. Wa kwangu yuko darasani mpaka leo, na hisabati bado inamsumbua.

Turudi kwenye kitabu. Usiku ule tulikilaza kwenye mkeka, kwa sababu mapajani hakikai. Kurasa mbili za kwanza mtoto alizipitisha haraka, kama anavyofanya kwenye simu yangu. Ya tatu nikamshika mkono, nikamuuliza: hapa jua liko upande gani? Akainama. Picha ikiwa na rangi, jicho linakimbilia bluu ya anga na kijani cha majani, likaridhika. Rangi ikiondoka inabaki kazi ya mwanga: kivuli kinaangukia wapi, jiwe limekwaruzika vipi, theluji ina weupe wa aina ngapi. Tulihesabu vijivu saba kwenye wingu moja, tukaanza kubishana kuhusu cha nane.

Iliyotukalisha zaidi ni ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, ya mwaka 1941. Chini kuna kanisa dogo na misalaba ya makaburi inayong'aa, nyuma milima yenye theluji, juu mwezi mdogo, na kwingine kote anga jeusi kabisa. Adams alikuwa garini na rafiki yake pamoja na mwanawe Michael, aliyekuwa na miaka minane. Alipoiona misalaba ikiwaka kwa jua la mwisho, alisimamisha gari na kuwapigia kelele wamletee vifaa. Kipima mwanga hakikuonekana. Akakumbuka kiwango cha mwangaza wa mwezi, akapiga hesabu kichwani, akapiga picha. Kabla hajarudia, jua likaiacha misalaba.

"Hesabu kichwani?" mwanangu akauliza. Ndiyo, kichwani.

Halafu kuna ya chumba cha giza. Anga lile halikutoka jeusi hivyo siku ya kwanza. Adams aliendelea kuisafisha picha hiyo kwa miaka mingi, akizidi kulitia giza. Ujanani alisomea piano, na alizoea kusema filamu ni kama nota zilizoandikwa, picha ya karatasi ndiyo muziki unaopigwa. Ndiyo maana kitabu si sawa na skrini. Simu inamwaga mwanga wake yenyewe, kila simu kwa namna yake. Karatasi inasubiri mwanga wa chumba chako, na picha inabaki kama mchapaji alivyoiacha.

Ukitaka kununua, fungua ukurasa wenye theluji na wenye vivuli. Theluji ikiwa tupu kama chokaa na kivuli kikiwa kama masizi, uchapaji huo ni wa wino mmoja wa haraka, kirudishe. Vitabu vizuri vya aina hii mara nyingi huchapwa kwa wino mbili, mweusi na wa kijivu, na ndani ya giza utaona bado kuna majani. Nyumbani kisomeeni karibu na dirisha, mchana. Taa ya juu inang'arisha karatasi laini na kuharibu kila kitu.

Vitabu hivi vimewahi kufanya kazi kubwa kuliko kupendezesha sebule. Mwaka 1938 Adams alitoa kitabu cha picha za milima ya Sierra Nevada, kikafika mikononi mwa Rais Roosevelt. Mwaka 1940, baada ya kampeni ndefu ya watu wengi, eneo la Kings Canyon katika milima hiyo likawa hifadhi ya taifa.

Juzi nilimkuta mwanangu barazani akichora mnazi wa jirani kwa penseli tupu, boksi la rangi liko pembeni halijafunguliwa. Nilisogea kuangalia. Akaniambia, bila kuinua kichwa, "Baba, samahani, unanizibia mwanga."